Sura ya Nne: Kuhesabu Waliofariki kwa Kuwauliza Walio Hai

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliendesha sensa ya Waafrika katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huohuo Mskoti mmoja kijana, mwanahisabati William Brass, alianza kazi Nairobi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki. Alikuta swali ambalo kila mganga wa wilaya alihitaji jibu lake: katika kila watoto mia wanaozaliwa, wangapi hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano? Kwao Uskoti swali hilo hujibiwa kwa kufungua rejista ya vizazi na vifo. Huku, kwa watu walio wengi, rejista hiyo haikuwepo. Mtoto alizaliwa nyumbani, akafia nyumbani, akazikwa, wala hapakuandikwa chochote.

Ungeweza kumuuliza mama mwanawe alifariki lini, akiwa na umri gani. Lakini tarehe ndizo hupotea mapema, hasa pale ambapo hakuna aliyeziandika. Mama, akiulizwa vizuri, hukumbuka alizaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Brass alijenga hesabu yake yote juu ya kumbukumbu hiyo.

Tuchukue mfano. Wanawake wa miaka 30 hadi 34 katika wilaya fulani wamezaa jumla ya watoto 2,000, na 300 kati yao wamefariki, yaani asilimia 15. Hatujui hata mmoja wao alifariki lini. Tunajua umri wa mama tu, na umri huo unatudokezea watoto wake walizaliwa lini: mmoja miaka kumi na miwili iliyopita, mwingine miaka sita, mwingine mwaka jana. Brass alionyesha kwamba ukiwachanganya wote, ile asilimia 15 inakaribia sana uwezekano wa mtoto kufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa akina mama wa miaka 20 hadi 24, ambao watoto wao bado ni wadogo, hesabu ileile inakupa vifo vya kabla ya miaka 2. Kwa wa miaka 25 hadi 29, vya kabla ya miaka 3. Hufuata marekebisho madogo, kwa kuwa mahali wasichana wanapoanza kuzaa mapema, watoto wao wamekwisha kupita katika hatari kwa muda mrefu zaidi.

Naiona hii kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa katika takwimu za bara letu. Brass aliacha kuwadai watu kumbukumbu wasiyokuwa nayo, akaitumia waliyokuwa nayo.

Hata hivyo hesabu inaegemea umri wa mama, na umri wenyewe mara nyingi ni wa kukisia. Katika sensa nyingi, watu wa miaka 40 huwa wengi kuliko wa 39 na 41 wakijumlishwa, kwa sababu asiyejua umri wake husema namba inayoishia na sifuri au tano. Ndiyo maana makarani hupewa kalenda ya matukio, yaani orodha ya matukio yanayojulikana pamoja na miaka yake.

Fikiria karani wa sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ameketi mkekani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Andika sitini na tano."

Karani haandiki. Anauliza vita vya Kagera vilimkuta wapi. Bibi anasema alikuwa ananyonyesha mtoto wa pili. Hiyo ni kati ya 1978 na 1979, lakini mwenye mtoto wa pili anaweza kuwa na miaka 19 au 26, kwa hiyo haitoshi. Karani anarudi nyuma zaidi: na Uhuru je? "Mama alinibeba mgongoni kwenye sherehe, ndivyo nilivyoambiwa." Desemba 1961, mtoto wa mgongoni, miaka miwili au mitatu. Amezaliwa mwaka 1958 au 1959, na wakati wa vita alikuwa na miaka kama ishirini. Majibu mawili yameshikana. Karani anaandika 63.

Swali la watoto nalo lina ufundi wake. Ukimuuliza mama amezaa wangapi kwa mkupuo, huwataja walio mbele yake, akamwacha yule anayeishi kwa shangazi yake mjini, akamwacha na aliyefariki akiwa na siku mbili. Kwa hiyo dodoso hulikata swali vipande vitatu: wanaoishi nawe, wanaoishi kwingine, waliofariki, wa kiume peke yao, wa kike peke yao. Baadaye, mwaka 1989, kwa wazo lilelile la kuwauliza walio hai, Wendy Graham, Brass na Robert Snow walichapisha njia ya kukadiria vifo vya uzazi kwa kuwauliza watu wazima kuhusu dada zao: wangapi walifariki wakiwa wajawazito, wakijifungua, au ndani ya wiki sita baada ya hapo.

Njia ya kuwauliza akina mama kuhusu watoto wao ina pengo kubwa: mama aliyefariki hajibu maswali. Katika hali ya kawaida pengo hilo halipotoshi sana. UKIMWI ulipoingia, mara nyingi mama na mtoto aliyeambukizwa naye walifariki wote wawili, na kaya zilizobaki zikatoa majibu yaliyoonyesha vifo vichache kuliko vilivyotokea. Mtaalamu aliyeitumia hesabu ya Brass bila kujiuliza ni nani hayupo wa kuulizwa alipata jibu safi lisilo la kweli.

Na ile asilimia 15 ya mfano wetu ni ya wilaya nzima. Haisemi lolote la uhakika kuhusu mtoto mmoja aliyelala kitandani. Huyo anahitaji daktari wa kumpima. Lakini kazi ya kupanga zahanati iwe wapi na chanjo zipelekwe ngapi inaweza kufanywa vizuri kwa makadirio ya namna hii, na imefanywa hivyo kwa miongo mingi.

Makadirio haya yanasimama au kuanguka kwa majibu yanayotolewa mlangoni. Basi karani akija kwako na kuuliza watoto uliowazaa, wataje wote, hata yule aliyeishi saa moja.