Chembe za Feleji na "Nuru Baridi"

Katika maandishi ya ufundi wa chuma, chembe zisizo metali zilizomo ndani ya feleji huitwa mara nyingi "uchafu". Jina hilo hupotosha. Uchafu hutoka nje. Bali nyingi kati ya chembe hizi huzaliwa katika feleji iliyoyeyuka, pale alumini inayotiwa ili kuondoa oksijeni inapoungana nayo kuwa oksidi. Nyingine hubaki feleji inapoganda, na huweza kuanzisha ufa katika gololi za beringi. Twapendekeza "chembe baki".

Ili kuzitambua, kipande kilicholainishwa hupigwa mwali wa elektroni ndani ya ombwe. Feleji hubaki giza. Oksidi ya alumini yenye kromi kidogo hutoa nuru nyekundu, na spineli yenye manganisi kidogo, ya kijani. Nuru hiyo si "mwako", maana hapana kinachoungua. Wala si "mng'ao", ambao ni nuru iliyorudishwa. Kimulimuli hutoa nuru pasipo moto. Nasi twapendekeza "nuru baridi". Mkaguzi aliyeambiwa "mng'ao" atautazama uso wa feleji uliong'arishwa, na chembe itampita.