Shaba, Mrututu na Kopa katika Mashamba ya Kahawa ya Meru na Embu

Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka Embu hadi Meru, mkulima wa kahawa anapotaja kopa kwa kawaida hakusudii waya wa umeme, bali dawa yenye shaba inayonyunyiziwa mibuni ili kuikinga na kuvu. Neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza, ambacho nacho kililipata kwa Kilatini, kwa kuwa Warumi waliyaita madini haya cuprum kwa kukitaja kisiwa cha Kupro, yalikochimbwa kwa wingi, na ndiyo asili ya herufi Cu zinazotumiwa na wanakemia. Kiswahili kilikuwa tayari na shaba, neno la asili ya Kiarabu ambalo katika lugha hiyo hutaja shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ndiyo maana hata leo msemaji anayetaka kuwa wazi husema shaba nyekundu.

Jina la tatu, mrututu, ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi. Mrututu ni fuwele za buluu za salfeti ya shaba, na jina lake lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako Wagujarati huziita morthuthu. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Pierre-Marie-Alexis Millardet, alieleza jinsi mrututu uliochanganywa na maji na chokaa ulivyoiokoa mizabibu ya Bordeaux na ukungu. Chokaa ni ya lazima, kwa sababu mrututu mtupu huunguza majani. Tena hauyeyushwi katika ndoo ya chuma, maana shaba hujitenga na maji ikagandia chuma, nacho chuma kikalika na dawa ikapungua nguvu.

Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930. Wakati huo chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda mabichi, ulikuwa umekwisha kutambuliwa nchini tangu 1922, na kutu ya majani ilikuwa adui wa zamani zaidi. Shaba haiponyi tunda lililokwisha kuambukizwa. Huua vijimbegu vya kuvu vinapoanza kuota juu ya ngozi ya tunda au jani, kwa hiyo dawa inayopigwa baada ya tunda kuambukizwa ni gharama ya bure. Aina za Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, ya mwaka 2010, zimepunguza sana haja ya kunyunyizia, lakini SL28 na SL34, zinazosifiwa kwa ladha, bado huhitaji kinga hiyo.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba shaba, ikiwa ni madini, haiozi. Inayodondoka kutoka majanini hubaki katika tabaka la juu la udongo, ikaongezeka msimu baada ya msimu, hadi ikaweza kuwadhuru minyoo na mizizi michanga, na anayeng'oa mibuni apande mahindi au maharagwe huirithi pamoja na shamba. Madhara huzidi udongo unapokuwa na asidi nyingi, hali inayochochewa na mbolea za amonia, kwa kuwa asidi huifungua shaba ikafyonzwa na mimea, ilhali chokaa na samadi huishikilia.