Herufi za Mviringo na Matangazo Yetu

Wanajumuiya, mmeziona kwenye mbao za matangazo: herufi nene, zimeumuka kama maandazi, zimepinda kidogo kana kwamba mtoto kazichora kwa kalamu ya rangi. Hizi ni fonti za vichwa vya habari, yaani zimechorwa kwa ajili ya maneno machache makubwa, si ukurasa mzima.

Maarufu kuliko zote ni Comic Sans. Vincent Connare aliichora Microsoft mwaka 1994, baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu moja akizungumza kwa Times New Roman. Mbwa anaongea kama karani wa benki! Akafungua vitabu vya katuni, akachora herufi zinazofanana na mzungumzaji. Watu wanaicheka hadi leo, ila Julai 2012 pale CERN matokeo ya chembe ya Higgs yalionyeshwa kwa fonti hiyo hiyo, na fizikia haikuharibika.

Lakini asidhani mtu kwamba herufi za mkono ni utoto tu. Pandeni hapo Constitution Hill, Braamfontein, si mbali na Wits. Mahakama ya Katiba ilifunguliwa mwaka 2004 kwenye eneo la jela ya zamani walikowahi kufungwa Gandhi na Mandela. Herufi zake alizibuni Garth Walker wa Durban, akianzia kwenye maandishi ya mkono ya jela ile, pamoja na yale waliyoacha wafungwa. Jina la mahakama limeandikwa mbele kwa lugha 11. Angetumia herufi za kirumi zenye visigino, jengo lingeongea kama serikali ile ya zamani.

Sasa tuje kwetu. Kiswahili kinapenda sana a, na a ya fonti hizi mara nyingi ni duara lenye kijiti pembeni. Ukiwa ng'ambo ya barabara kijiti kinamezwa, "mkutano wa chama" unakuwa "mkutano wa choma", watu wanakuja na njaa. Halafu andika "mwanachama": a nne, zote pacha, zimepinda pale pale. Ule mkono unaodaiwa kuchora unaonekana ni mashine. Fonti nzuri huja na a mbili tatu tofauti, programu inazibadilisha yenyewe. Jaribuni neno hilo kabla ya kupakua kitu.

Kinachoniuma hasa ni matangazo ya msiba. Mwenzetu amefariki, tunachanga kusafirisha mwili nyumbani, na tangazo limetoka kwa herufi zile zile za sherehe ya kukaribisha wageni. Anayepita haraka anaona pati, anaendelea na safari yake, na mchango unapungua. Jamani! Tanzia iandikwe kwa herufi za kawaida, nyeusi, jina la marehemu juu, namba ya akaunti chini, isomeke hata na mwenye machozi. Mechi ya Jumamosi na futari, endeleeni na maandazi.