Tembe Inayosubiri Utumbo Mpana: Matumizi Salama ya Dawa za Vidonda vya Utumbo

Mtu wa Nambis akiharisha damu, wazo la kwanza linalomjia tabibu ni amiba. Wazo hilo ni la busara, kwani katika nyanda za juu za Mbulu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, kuhara damu aghalabu huletwa na viumbe vidogo vinavyoingia mwilini kwa maji na chakula. Lakini upo ugonjwa mwingine unaofanana na huo kwa dalili, ambao hauletwi na maji machafu, hauambukizi, wala hauponi kwa dawa ya amiba. Huo ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Makala haya yanakusudia kueleza dawa zinazomezwa kwa ajili ya ugonjwa huo: jinsi zinavyofanya kazi, na namna ya kuzitumia pasipo kuleta madhara.

Ugonjwa wenyewe

Kwanza, msomaji asiuchanganye ugonjwa huu na vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo hutokea katika tumbo lenyewe au mwanzo wa utumbo mwembamba. Ugonjwa tunaouzungumzia huanzia mwisho wa utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa, na huweza kupanda juu hatua kwa hatua hata kuueneza utumbo mpana wote. Ngozi laini ya ndani huvimba, huwa nyekundu, huchubuka na kutoa damu na kamasi. Mgonjwa huenda chooni mara nyingi mchana na usiku, hupungukiwa damu na kukonda.

Chanzo chake hakijafahamika kikamilifu. Linalojulikana ni kwamba askari wa mwili, yaani chembe za kinga, huishambulia ngozi ya utumbo kana kwamba ni adui. Ugonjwa aghalabu huanza katika ujana, hutulia kwa miezi au miaka, kisha huamka tena.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Waafrika hawaupati kabisa. Hata hivyo, mwaka 1970 madaktari J. R. Billinghurst na J. M. Welchman walieleza katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa wanne Waafrika, kutoka Uganda. Ugonjwa ni adimu kwetu, lakini upo. Na ugonjwa adimu usiotafutwa hauonekani.

Hakika kabla ya dawa

Sharti la kwanza la usalama hutangulia tembe yenyewe, nalo ni kuwa na hakika ya ugonjwa. Katika Mbulu na Hanang, kuhara damu kwaweza kuletwa na amiba, na bakteria wa shigela, na kichocho cha tumbo, au na kifua kikuu cha utumbo. Kuhusu hicho cha mwisho, wafugaji wanywao maziwa mabichi wana sababu maalum ya kuangalia, maana watafiti wamewahi kupata bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe katika matezi ya wagonjwa wa mkoa wa Arusha, ambao hadi mwaka 2002 ulizijumuisha wilaya hizi.

Kosa laweza kutokea pande zote mbili. Upande mmoja, mgonjwa wa amiba akidhaniwa kuwa ana vidonda vya utumbo mpana na kupewa prednisoloni, dawa inayotuliza kinga ya mwili, amiba hupata nafasi ya kustawi, na utumbo waweza kutoboka. Hilo ni jambo la kufa na kupona. Upande wa pili, mgonjwa wa vidonda huweza kupewa dawa ya amiba mara tano au sita kwa miaka, huku utumbo ukizidi kuharibika.

Je, darubini haimalizi ubishi? La. Yuko amiba mwingine, Entamoeba dispar, asiye na madhara, ambaye chini ya darubini ya kawaida hatofautiani na Entamoeba histolytica, yule mharibifu. Mwaka 1993 wataalamu Diamond na Clark waliwatenga rasmi kuwa spishi mbili. Tena, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa wilayani Mbulu mwaka 1955, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane vya uchunguzi wa kimataifa ulioitwa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 kuchunguza maradhi ya utumbo ya watoto. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba watoto wengi hubeba vijidudu tumboni hata wasipoharisha. Kwa hiyo kuonekana kwa kijidudu katika choo si ushahidi kamili kwamba ndicho kiletacho ugonjwa.

Hakika hupatikana kwa kuutazama utumbo kwa bomba jembamba lenye taa, na kukata vipande vidogo vya ngozi yake ili vichunguzwe maabara. Kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa, kama vile KCMC mjini Moshi na Muhimbili mjini Dar es Salaam. Mtu aliyetibiwa kuhara damu zaidi ya mara moja bila kupona ana haki ya kuuliza habari za rufaa.

Asili ya dawa

Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza kwamba rangi nyekundu iitwayo Prontosil huponya maambukizo ya bakteria. Mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walionyesha kwamba mwili huikata rangi hiyo vipande viwili, na kwamba kipande kimoja tu ndicho kinachotibu. Huo ulikuwa mwanzo wa dawa za salfa.

Nchini Sweden, Profesa Nanna Svartz alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi ya viungo, ambayo wakati ule ilidhaniwa kuletwa na bakteria. Yeye na wanakemia wa kampuni ya Pharmacia waliunganisha dawa ya salfa, iitwayo sulfapiridini, na asidi moja ya ukoo wa aspirini. Dawa iliyopatikana ikaitwa sulfasalazini. Svartz aliona kwamba wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana hupata nafuu wakiitumia, akayatangaza matokeo yake mwaka 1942.

Ni nusu ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa ikitibu? Swali hilo lilingoja miaka 35. Mwaka 1977 Azad Khan, Piris na Truelove, mjini Oxford, waliwapa wagonjwa dawa kwa njia ya haja kubwa: wengine sulfasalazini nzima, wengine sulfapiridini peke yake, na wengine ile asidi peke yake. Waliopewa sulfasalazini au asidi, wengi wao walipata nafuu. Waliopewa sulfapiridini, wachache tu. Asidi hiyo ndiyo tunayoiita leo mesalazini.

Kemia ya safari ndefu

Mwalimu wa kemia aweza kulitumia jambo hili darasani. Katika sulfasalazini, nusu mbili zimeshikwa pamoja na atomi mbili za naitrojeni, katika kifungo kiitwacho azo. Asidi ya tumboni haiwezi kukikata. Sehemu kubwa ya dawa hupita tumbo na utumbo mwembamba ikiwa nzima, mpaka ifike katika utumbo mpana, ambako bakteria wengi wa kawaida hukikata kwa kuongeza atomi nne za haidrojeni:

C18H14N4O5S + 4H → C7H7NO3 + C11H11N3O2S

Upande wa kulia, ya kwanza ni mesalazini na ya pili ni sulfapiridini. Mwanafunzi ahesabu atomi za kila upande, ataona kwamba zinalingana. Tena, kwa kuwa masi ya molekuli ya sulfasalazini ni karibu 398 na ya mesalazini karibu 153, tembe ya miligramu 500 hutoa mesalazini ipatayo miligramu 192. Sulfapiridini iliyobaki huingia katika damu, nayo ndiyo chanzo cha madhara mengi.

Mbona basi tusimeze mesalazini peke yake? Twaweza, lakini ikimezwa tupu hunyonywa mapema katika utumbo mwembamba, na kidogo mno hufika inakotakiwa. Ndiyo maana aina nyingi za tembe za mesalazini hupakwa ganda lisiloyeyuka katika asidi ya tumbo, bali huyeyuka pH inapofika karibu 6 au 7, kuelekea mwisho wa utumbo mwembamba. Aina nyingine hutengenezwa kwa chembechembe zinazoachia dawa kidogo kidogo njiani.

Hapo msomaji ataelewa kwa nini tembe hizi hazitwangwi, hazitafunwi, wala hazikatwi, isipokuwa maelezo ya aina husika yanaruhusu. Anayeitwanga ili ashuke kwa urahisi anavunja ganda, na dawa huishia mahali pasipo na ugonjwa. Mgonjwa asishtuke akiona maganda matupu chooni. Lakini akiona tembe nzima mara kwa mara, amwarifu daktari.

Masharti ya usalama

Kwanza, historia ya mgonjwa. Aliyewahi kutokwa na vipele vikali au malengelenge baada ya dawa za salfa, kama septrini au ile dawa ya malaria iitwayo SP, asipewe sulfasalazini. Aliyedhurika na aspirini naye aseme, kwa sababu mesalazini ni ya ukoo huo. Wapo pia watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayorithiwa na iliyo ya kawaida katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, hasa kwa wanaume. Kwao sulfasalazini yaweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Pili, vipimo. Atumiaye sulfasalazini hupimwa damu kabla ya kuanza, na mara kwa mara katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu wachache hupungukiwa chembe nyeupe. Homa na maumivu ya koo katika kipindi hicho yasihukumiwe kuwa ni malaria tu au mafua, damu ipimwe. Atumiaye mesalazini hupimwa mafigo kabla ya kuanza, baada ya miezi michache, kisha angalau kila mwaka. Kwa nadra dawa hii huyadhuru mafigo kimyakimya, pasipo maumivu. Mgonjwa anayeharisha anywe maji ya kutosha, maana ukavu wa mwili huyaongezea mafigo mzigo.

Tatu, dawa nyinginezo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo na viungo, zaweza kuuamsha ugonjwa na kuyadhuru mafigo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo chake ni bora. Dawa za kiungulia zinazopunguza asidi nazo zisimezwe pamoja na tembe zenye ganda kabla ya kuuliza, kwani huweza kuliyeyusha mapema.

Nne, uzazi. Sulfasalazini huzuia kiasi unyonywaji wa asidi ya foliki, kwa hiyo mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba huongezewa asidi hiyo. Ujauzito si sababu ya kuacha dawa kwa ghafula, maana ugonjwa ukiamka humdhuru mama na mtoto kuliko dawa. Kwa mwanamume, sulfasalazini hupunguza mbegu za uzazi. Hali hiyo hurekebika miezi michache baada ya kubadilishiwa dawa. Ndoa isivunjike kwa jambo ambalo daktari angeweza kulieleza kwa dakika tano.

Tano, kuendelea. Hapa ndipo wengi hukosea. Damu ikikoma, mgonjwa huona amepona na kuacha tembe. Lakini dawa hizi hazing'oi ugonjwa, huushikilia ulale. Anayeacha bila ushauri hujiweka katika hatari ya kuugua upya. Kipimo cha kila mtu hupangwa na daktari, wala hakiazimwi kwa jirani.

Dalili za kukimbilia hospitali

Yapo mambo madogo yasiyotisha: mkojo na jasho kuwa na rangi ya chungwa kwa anayetumia sulfasalazini, au kichwa na kichefuchefu vinavyopungua tembe zikimezwa baada ya chakula. Yako mengine yasiyongoja kesho: vipele vyenye malengelenge au vidonda mdomoni, macho kuwa manjano, maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni, au maumivu ya kifua. Tena, watu wachache huharisha zaidi kwa sababu ya mesalazini yenyewe, wakadhani ugonjwa umeamka na kuongeza tembe. Kuhara kukizidi katika wiki za mwanzo, daktari aulizwe kabla ya kipimo kuongezwa.

Truelove na Witts, mwaka 1955, waliweka alama ambazo hutumika mpaka leo: anayekwenda choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa au mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, ana ugonjwa mkali. Huyo tembe hazimtoshi, na alazwe.

Wajibu wa shule

Shirika la Afya Duniani limeiweka sulfasalazini katika orodha yake ya dawa muhimu, na nchini kwetu madhara ya dawa hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini tembe iliyotengenezwa kwa ustadi wa miaka mingi yaweza kuharibiwa kwa kinu cha jikoni, au kwa kanuni ya bweni.

Mwanafunzi wa bweni mwenye ugonjwa huu anahitaji mambo matatu: ruhusa ya kutoka darasani kwenda chooni bila kuulizwa mbele ya wenzake, mahali pakavu pa kuhifadhi tembe zake na maji safi ya kuzimezea, na siku ya kwenda kupimwa damu bila kuhesabiwa mtoro. Mwalimu aweza kumpa yote matatu kesho asubuhi.