Wifi Ikikatika Katikati ya Malipo: Angalia Simu Kwanza, Kisha Utafute Shida Iko Wapi

Unaomba cheti cha mwenendo mwema kwenye eCitizen, kwa sababu kazi uliyopata inakidai. Umejaza fomu yote kwenye kompyuta ya nyumbani, umebonyeza kulipa, ombi la PIN limekuja kwa simu, umeiweka. Ukirudisha macho kwenye kompyuta unakuta kiduara kinazunguka tu, na pale chini kwenye kona alama ya wifi imegeuka kuwa dunia yenye alama ya kukataza. Sasa pesa imeenda au haijaenda?

Wengi hapo hubonyeza tena. Kesho yake ndiyo tunapokea ile simu ya "nimekatwa mara mbili."

Leo basi tuongee kuhusu wifi ya nyumbani. Ndiyo, sisi ni watu wa malipo, si mafundi wa kompyuta, lakini malalamiko mengi yanayotufikia kama shida ya malipo huwa yameanzia kwa ruta iliyofichwa nyuma ya runinga.

Njia mbili zisizokutana

Ukilipa kwa simu kupitia tovuti, kuna njia mbili tofauti zinazotumika. Ukurasa ulio mbele yako unapita kwa wifi. Lile ombi la PIN, ambalo wengi huliita STK, halipiti huko kabisa. Linatumwa kwa laini yako kupitia mnara wa simu, karibu kama SMS. Ndiyo maana linafika hata kama huna bando na wifi imezimwa. Na ukishaweka PIN, seva ya biashara na seva ya malipo huongea zenyewe. Kompyuta yako haihusiki tena, kazi yake imebaki kukuonyesha matokeo.

Kwa hivyo wifi ikikatika kabla hujabonyeza kulipa, hakuna kilichotumwa. Ikikatika baada ya kuweka PIN, malipo yanaendelea bila wewe kuyaona. Usirudie. Subiri SMS ya uthibitisho. Ikichelewa, angalia salio au taarifa ya miamala kwenye simu. Ukipata msimbo wa muamala, mtandao ukirudi ingia tena kwenye akaunti ya tovuti na uangalie kama bili imeandikwa imelipwa. Tovuti nyingi zina kitufe cha kuthibitisha malipo yaliyokwishafanywa, na hicho ndicho cha kubonyeza, wala si kile cha kulipa upya. Kama ombi lilikuja na hukuweka PIN, lenyewe hufa baada ya muda mfupi, na hapo unaweza kuanza upya bila wasiwasi.

Jambo moja tusilipite haraka: PIN yako huwekwa kwenye simu tu. Ukurasa wowote wa kompyuta unaokuambia "mtandao umekatika, andika PIN yako hapa tumalizie" ni wa mwizi. Ufunge.

Nani anakata: kompyuta, hewa, au kampuni ya intaneti?

Watu hupoteza wikendi nzima wakizima na kuwasha ruta kwa sababu hawajajua wanamtafuta nani. Washukiwa ni watatu tu: kompyuta yenyewe, safari ya hewani kati ya kompyuta na ruta, na laini inayoingiza intaneti nyumbani.

Anza na simu. Iunganishe kwa wifi hiyo hiyo, kisha zima data. Tunarudia, zima data, maana simu nyingi wifi ikilegea huhamia kwa bando kimyakimya, nawe unabaki kuamini wifi ni nzima na kompyuta ndiyo mbovu. Simu ikikatika wakati mmoja na kompyuta, tatizo si kompyuta. Simu ikiendelea vizuri palepale ulipoketi huku kompyuta ikianguka, macho yarudi kwa kompyuta.

Kama bado huelewi, kuna kipimo ambacho fundi angekulipisha kwacho, na ni cha bure. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua lile dirisha jeusi. Andika ipconfig na utafute mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, na mara nyingi huwa kitu kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Sasa andika ping, acha nafasi, weka anwani hiyo, acha nafasi, malizia na -t. Mistari itaanza kushuka, kila mmoja ukiwa ni jibu la ruta. Fungua dirisha la pili ufanye vivyo hivyo na 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Yaweke madirisha yote mawili yaonekane, endelea na kazi yako, usubiri ikatike.

Ikikatika, soma. Dirisha la ruta linaendelea kujibu lakini la 8.8.8.8 limeandika "Request timed out"? Wifi yako haina neno, laini inayoingia ndiyo imeanguka. Yote mawili yamekufa pamoja? Kompyuta imepoteza hata ruta iliyo chumba kimoja nayo, kwa hivyo ni wifi au ni kompyuta. Yote mawili yanajibu vizuri lakini kurasa hazifunguki? Basi huenda ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, na unaweza kujaribu kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS. Angalia pia muda wa majibu. Ruta iliyo karibu hujibu kwa milisekunde chache. Ukiona 3, 5, 400, 4, 900, hiyo ni wifi inayohangaika hata kabla haijakatika. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C pamoja.

Na kama una waya wa mtandao, uchomeke kutoka kwa ruta hadi kwa kompyuta kwa jioni moja tu. Ikitulia kwa waya, umejua.

Ikiwa ni laini inayoingia

Hapa huna mengi ya kufanya, zaidi ya kupiga simu ukiwa na ushahidi. Andika saa zilipokatika na uliona nini. Ukiwaambia "ruta inajibu lakini nje hakuna jibu, jana saa mbili na dakika kumi usiku, tena saa tatu," wanaacha kukuambia uzime na uwashe. Kwa wenye faiba, ukiona taa nyekundu iliyoandikwa LOS, mwangaza haufiki kwenye kifaa chako, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakouleta. Angalia tu kama waya mwembamba wa faiba umekunjwa nyuma ya kabati au umekaliwa na mguu wa kochi. Ndani ni kioo, haupendi kukunjwa.

Kuna pia wifi ya ploti, ambapo laini moja inagawiwa wapangaji wote. Ikiwa inakufa kila siku kuanzia saa moja jioni na kufufuka saa sita usiku, kompyuta yako haina hatia. Watu wamerudi nyumbani, basi. Malipo ya muhimu yafanye asubuhi au kwa hotspot.

Ikiwa ni hewa

Ruta nyingi za sasa hurusha wifi kwa masafa mawili: 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila kila mtu yuko huko. Kwenye magorofa ya Pipeline au Roysambu, fungua orodha ya wifi uone majina yanavyopangana. Wote hao wanagombania nafasi ambayo kwa kweli ina njia tatu tu zisizoingiliana, yaani chaneli 1, 6 na 11. Ya 5 GHz ina nafasi kubwa na kasi zaidi, lakini ukuta wa mawe unaipunguza nguvu haraka. Kwa hivyo, kompyuta ikiwa chumba kimoja na ruta, tumia 5. Ikiwa chumba cha tatu, 2.4 ndiyo itakayofika.

Tatizo huja pale ruta inapoyapa masafa yote mawili jina moja. Kompyuta iliyo katikati ya nyumba huruka kutoka huku kwenda kule, na kila inaporuka unaona mkatiko. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uyape majina mawili tofauti, kisha uchague mwenyewe.

Halafu mahali pa ruta. Tumeshaona ruta juu ya friji, ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya runinga, hata ndani ya kisanduku cha chuma ili watoto wasiiguse. Chuma na maji hula mawimbi ya wifi. Iweke juu, wazi, karibu na katikati ya nyumba. Maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na masafa yale yale ya 2.4, kwa hivyo ikiwa wifi inaanguka kila chakula kinapopashwa moto, umeshajua sababu. Na hili wengi hawalijui: diski au flashi ya USB 3.0 ikiwa imechomekwa ubavuni mwa kile kidude kidogo cha wifi cha USB, inaweza kuvuruga 2.4 GHz. Hamisha kimoja upande wa pili.

Ikiwa ni kompyuta

Kwanza, iambie isahau mtandao huo. Kwenye orodha ya wifi zilizohifadhiwa bonyeza "Forget", kisha uunganishe upya kwa nenosiri. Hili lenyewe hutatua mengi, hasa kama ulibadilisha ruta ukaipa jina la ile ya zamani.

Pili, kuna ile tabia ya kompyuta kuizima kadi ya wifi ili kuokoa betri. Fungua "Device Manager", nenda "Network adapters", bonyeza mara mbili jina la kadi ya wifi, na kama kichupo cha "Power Management" kipo, ondoa tiki kwenye ruhusa ya kukizima kifaa. Ikiwa kompyuta yako hukatika ukiiacha dakika kumi ukaenda kupika chai, tungeanzia hapa.

Tatu, draiva, yaani programu inayoendesha kadi hiyo. Ichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, si kwenye tangazo linaloruka na kukuambia kompyuta yako ni mgonjwa. Ukiona ipconfig inakupa anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta. Tenganisha wifi uunganishe tena, na ikikataa, zima ruta kwa nusu dakika.

Sasa zile laptopu za mtumba, ex-UK. Tunazipenda, nyingi wetu tulisomea chuo nazo. Lakini baadhi hazioni 5 GHz kabisa, na ukiweka ruta kwenye usalama wa WPA3 pekee, zingine haziwezi kuingia. Kidude kipya cha wifi cha USB ni nafuu kuliko kubadilisha laptopu. Jingine ni kibetri kidogo kinachotunza saa kwenye ubao wa ndani: kikifa, kila ukizima kompyuta tarehe inarudi nyuma miaka. Wifi itaonekana imeunganishwa, lakini kurasa za benki na za malipo zitakataa kufunguka zikidai si salama. Rekebisha tarehe kwanza, na umwone fundi akubadilishie kibetri. Onyo likiendelea hata tarehe ikiwa sawa, usilikanyage ukalipe. Toka.

"Network reset" ifanye mwisho kabisa. Inafuta wifi zote ulizohifadhi, kwa hivyo hakikisha unalijua nenosiri.

Ukiwa na haraka

Washa hotspot ya simu yako na uunganishe kompyuta. Kabla ya kitu kingine, nenda kwenye mipangilio ya wifi hiyo uiweke kuwa "metered connection", la sivyo Windows huenda ikaamua kupakua masasisho yake kwa bando lako. Usikimbilie wifi isiyo na nenosiri iliyojitokeza tu kwenye orodha, hata ikiwa na jina la mkahawa unaoujua. Hujui nani ameiweka.

Na akipiga mtu anayesema ni fundi wa wifi, kwamba ameona laini yako inasumbua, uweke programu fulani ili aingie kwenye kompyuta yako akusaidie, kata simu. Kampuni yako ya intaneti ina namba uliyopewa siku ya kuunganishwa. Piga hiyo wewe mwenyewe.

Kama tayari umelipa mara mbili, zungumza kwanza na biashara uliyoilipa, kisha sisi. Uwe na misimbo yote miwili ya muamala, saa ya kila mmoja, na namba ya bili au akaunti uliyolipia. Usizifute hizo SMS.