Mfarishi na Blanketi la Kufuma katika Nchi ya Pamba

Blanketi la kufuma kwa uzi na mfarishi wa viraka huanza kwa namna moja: kipande kidogo kinachoenea kiganjani, kisha kingine, hadi vipande vitoshe kufunika kitanda. Ndiyo maana anayefuma mara nyingi hujaribu kushona viraka, na kuona kwamba nusu ya kazi tayari anaijua.

Kufuma kwa kroshia huhitaji uzi na sindano moja yenye kulabu nchani. Vitanzi vichache huunganishwa kuwa pete, pete huzungushiwa mafungu ya mishono mitatu mitatu, na nafasi huachwa penye kona nne. Baada ya mizunguko michache duara huwa mraba. Mkono uliozoea vitambaa vya makochi hauna jambo geni hapa. Huacha uzi mwembamba na kushika uzi mnene wa sweta. Kila mraba una mwisho wake, kwa hiyo kazi hubebeka: hufumwa barazani, safarini au kwenye foleni, na rangi huchaguliwa upya kila mara. Furaha ya blanketi hili iko hapo.

Uzi unaouzwa madukani kwa jina la sufu, mara nyingi si manyoya ya kondoo bali ni akriliki, aina ya plastiki. Hukauka upesi na hauliwi na nondo, lakini huyeyuka kwa pasi na kwa moto, hivyo blanketi lake likae mbali na jiko la mkaa. Tena blanketi zima hula uzi mwingi. Vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya cherehani la fundi, kwa upande mwingine, hupatikana kwa bei ndogo au bure.

Mfarishi una matabaka matatu: uso wa viraka, ujazo wa katikati, na bitana chini. Kwa ujazo, Simiyu ina bahati ya pekee. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao yake makuu yakiwa Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza Tanzania kwa kilimo cha pamba. Katika kila kilo tatu za pamba ghafi, takriban kilo moja ni nyuzi na zinazobaki ni mbegu. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya nyuzi hizo husafirishwa nje ya nchi ikiwa malighafi, na mkulima hununua blanketi lililotengenezwa mbali. Pamba fifi, ile yenye madoa ambayo bei yake ni ndogo, hufaa kabisa kwa mfarishi: itolewe mbegu na takataka, ianikwe juani, ichambuliwe kwa vidole mpaka iwe laini. Asiyekuwa nayo hutumia blanketi kuukuu.

Vitenge vipya vifuliwe kwanza, kwa sababu baadhi huchuja rangi na kurudi. Vipande hukatwa kwa kufuata kadibodi ya sentimita 15 kila upande. Mshono ukila robo tatu ya sentimita kila ukingo, mraba hubaki sentimita 13.5, na vipande 130, kumi kwa kumi na tatu, hutoa uso wa sentimita 135 kwa 175.5. Kosa dogo la mkasi likirudiwa mara kumi na tatu, mstari mzima hupinda, kwa hiyo subira iwekwe kwenye kukata kuliko kwenye kushona. Mistari hushonwa kwanza, kisha mistari huunganishwa, na kila mshono hupigwa pasi.

Hapo uzi wa kufumia hurudi. Pamba isiposhikwa hujikusanya mabonge baada ya kufuliwa, hivyo matabaka yote hupitishwa uzi kwa sindano kubwa na kufungwa kifundo, kila baada ya sentimita 8 au 10. Ukingo nao unaweza kuzungushiwa mishono ya kroshia.

Kazi hii ina ndugu mbali. Wasiddi wa Karnataka, India, wenye asili ya Afrika, hushona mifarishi iitwayo kawandi kutoka kwenye nguo chakavu. Wao hawaungi uso kwanza. Huanzia pembeni mwa kitambaa cha chini na kuzunguka kuelekea katikati kwa mishono midogo ya mkono, na kila kona hupambwa kwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani ua. Katika Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake Weusi wa familia za wakulima wa pamba walishona mifarishi kwa suruali na mashati ya shambani, ili watoto wasipate baridi. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika makumbusho ya Houston na New York, na mwaka 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta ya Marekani.

Bariadi, msimu unaofaa zaidi ni Juni na Julai. Mvua zimekatika, pamba iko nyumbani au imeuzwa, na usiku una baridi ya kutosha kuhitaji blanketi. Mfarishi ukifuliwa katika miezi hiyo, utandazwe juani siku nzima, ugeuzwe mchana, kwani pamba ya katikati hukauka mwisho.