Mbwa Mkali si Mlinzi

Anayesafiri kutoka Embu kwenda Meru kwa kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hakosi kuviona vibao vilivyopigiliwa misumari malangoni mwa watu: "Mbwa Kali". Mwalimu wa lugha atasema mara moja kwamba kiambishi kimedondoshwa, na kwamba yapasa iwe "mbwa mkali". Ni kweli, nami huwasahihisha wanafunzi wangu kosa hilo kila mwaka. Lakini hilo la sarufi ndilo kosa dogo. Kubwa ni la fikira: tumeamini kwamba mbwa akishakuwa mkali, basi amekuwa mlinzi.

Imani hiyo ina sababu zinazoeleweka. Hofu ya kuibiwa kahawa, makadamia, miraa au ng'ombe wa maziwa humkosesha mkulima usingizi. Mwenye uwezo hutafuta mbwa wa kigeni, na kadiri alivyo mkubwa ndivyo anavyotamanika. Miongoni mwao ni Boerboel wa Afrika Kusini, ambaye dume lake lililokomaa hupita kilo 60, na wengine hukaribia uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Katika Kiafrikaans, neno boer maana yake ni mkulima. Jina lenyewe, basi, latukumbusha kwamba mbwa huyu alizalishwa akae shambani pamoja na jamaa ya mwenyewe, watoto wakiwamo.

Mwenzangu mmoja alimleta mtoto wa mbwa wa namna hiyo nyumbani kwake, viungani mwa mji wa Embu. Akamfunga mnyororo chini ya mparachichi, akaagiza asizoeshwe watu ili awe mkali. Baada ya miaka miwili alikuwa na mnyama mwenye nguvu za kutisha, asiyemjua mtu ila kijana aliyempelekea ugali. Kijana aliposafiri, hakuna aliyethubutu kumkaribia. Mbwa akashinda na njaa siku mbili katika boma lenye chakula tele. Juma lililofuata mnyororo ulikatika. Aliyeumwa hakuwa mwizi. Alikuwa mpwa wa mwenye boma, msichana wa darasa la tatu aliyekuja likizo. Alishonwa mkono, na mbwa akauawa. Sijui kama ni haki kusema kwamba mbwa ndiye aliyekosa.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, wa jamii ya Kangal, wawalinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma. Mbwa hao hawafungwi minyororo wala kuchokozwa. Huwekwa miongoni mwa mbuzi wangali wadogo, wakakua wakiliona kundi kuwa jamaa yao. Hatari ijapo, husimama kati ya kundi na adui, wakabweka. Ulinzi wao, basi, chanzo chake ni mazoea. Naye mbwa asiyemjua mtu yeyote atawezaje kumtenga mgeni na mwenyeji?

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mtu na ajiulize maswali machache. Je, kila mtu nyumbani, hata nyanya, ataweza kumwamuru? Je, kuna ua imara, na mtu wa kumfunza tangu mdogo? Mbwa wa kilo 70 huhitaji zaidi ya nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, makombo hayamtoshi. Viungo vya nyonga vyake huharibika upesi, na tumbo likivimba na kujipinda aweza kufa kwa saa chache. Aghalabu haishi zaidi ya miaka kumi. Mwenye manyoya mazito atastarehe Timau, lakini atateseka kwa joto la Siakago. Ambaye majibu yake ni la, mbwa wetu wa kienyeji, aliyelishwa vyema na kuchanjwa, humtosha. Kubweka kwake usiku ndiyo kazi yenyewe.

Chanjo si hiari. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya ilizindua mkakati wake mwaka 2014, ikikusudia kukomesha vifo hivyo kufikia mwaka 2030. Hapa walimu wana wajibu: mtoto afunzwe kutomkimbia mbwa, kutomgusa anapokula, na akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Nasi tunaofundisha Kiswahili tuendelee kukirudisha kile kiambishi kilichopotea. Lakini tuwaeleze wanafunzi pia kwamba neno "mlinzi" latokana na kulinda, na kwamba mtoto anayeishi ndani ya lango ndiye wa kwanza kulindwa.